"Mti ni mti tu": Bustani ya mimea inamfaa nini mkazi wa jiji?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni katibu wa umoja wa wakazi tunaoishi jirani na bustani ya mimea ya jiji letu. Ni bustani ya zamani. Ina uzio mrefu, kiingilio, na vibao vya majina ya Kilatini. Sasa halmashauri inataka kuchukua robo ya eneo iwe maegesho ya magari, na sehemu itakayobaki igeuzwe bustani ya kawaida ya kupumzikia. Wenzangu wengi hawaoni tatizo. Wanasema mti ni mti, na kivuli ni kivuli. Mimi moyo unasita lakini nashindwa kueleza kwa nini. Bustani ya mimea inampa nini mwananchi wa kawaida, kwa elimu na kwa mazingira, ambacho bustani ya kupumzikia haiwezi kumpa? Na tukienda kwenye kikao tudai nini?

JIBU: Ndugu Katibu, wenzako wamesema kweli nusu. Kivuli ni kivuli. Mti uliojiotea kando ya barabara na mti ulioletwa kwa meli kutoka bara jingine hupoza mtaa kwa njia ileile: majani huzuia jua lisiifikie lami, na maji yaliyopanda kutoka mizizini hutoka majanini yakiwa mvuke, yakiondoka na joto. Udongo usiosakafiwa nao hunywa mvua ambayo maegesho yangeimwaga yote mtaroni kwa mara moja. Lakini ukisimama kikaoni na hoja ya kivuli na hewa safi peke yake, utajibiwa kwamba halmashauri itapanda miti mingine kuzunguka maegesho, na hapo utakuwa umeishiwa maneno. Usianzie hapo. Anzia kwenye kile kibao cha Kilatini ambacho wenzako hawakipendi.

Ukipita bustanini wiki hii, kisogelee kibao kimoja. Chini ya jina, au kwenye kijibati kidogo kilichofungwa kwa waya tawini, utakuta namba. Tuseme ni 1987-0243. Maana yake ni kwamba mmea huo ulikuwa wa 243 kuandikishwa katika mwaka 1987. Namba hiyo inakupeleka kwenye ukurasa wa daftari, siku hizi kwenye kompyuta, ambako imeandikwa mbegu ilitoka wapi, nani aliiokota, kwenye mteremko gani na udongo wa namna gani, ilioteshwa lini, na mche ulihamishiwa hapo ulipo mwaka gani. Bustani nyingi huongeza na herufi. W ni mmea uliotoka moja kwa moja porini, kwa mbegu au kipandikizi. Z ni uzao wa mmea wa namna hiyo, ila umezalishwa bustanini. G ni mmea usio na asili ya porini, na U ni ule ambao asili yake haijulikani.

Tofauti unayoitafuta ndiyo hiyo. BGCI, mtandao wa kimataifa wa bustani za mimea ulioanzishwa mwaka 1987, hauiiti bustani ya mimea kila sehemu yenye miti mizuri. Unataka pawe na mkusanyo wa mimea hai wenye kumbukumbu za maandishi, unaotumika kwa utafiti, uhifadhi, maonyesho na elimu. Ondoa daftari, umebaki na bustani ya maua. Na mti wenye namba na herufi W ukishakatwa, hakuna muuza miche yeyote atakayekuuzia mwingine kama huo, kwa kuwa anachouza ni mche, na kilichopotea ni mche pamoja na historia yake.

Pengine wenzako watauliza historia hiyo ni ya kazi gani. Mwaka 2020 wataalamu wa Kew, bustani kuu ya mimea ya Uingereza, walikadiria kwamba spishi mbili kati ya kila tano za mimea duniani ziko katika hatari ya kutoweka. Miaka mitatu kabla ya hapo, watafiti wa Cambridge walipitia orodha za bustani za mimea za dunia nzima, wakakuta kwamba kwa pamoja zinatunza angalau asilimia 30 ya spishi zote za mimea zinazojulikana, na zaidi ya asilimia 40 ya zile zilizoorodheshwa kuwa hatarini. Hesabu hiyo haikupatikana msituni. Ilitoka kwenye madaftari kama lile la bustani yenu.

Kuna mmea mmoja ambao siwezi kuupita bila kuutaja. Mwaka 1895 John Medley Wood, msimamizi wa bustani ya mimea ya Durban huko Afrika Kusini, alikuta kando ya msitu wa Ngoye kichaka kimoja cha sikadi, mmea wa ukoo wa kale sana unaofanana na mnazi mnene. Ulikuwa dume. Watu wakatafuta jike miaka na miaka, na mpaka leo hajapatikana. Machipukizi yalihamishiwa bustanini, porini ukaisha kabisa, na kila Encephalartos woodii aliyeko duniani leo ametokana na dume yule mmoja. Bustani ya Durban, iliyoanzishwa mwaka 1849, iliuokoa mmea huo usife, lakini haikuweza kuupa mwenzi. Ninaposimama mbele ya sikadi ya aina hiyo nasikia uchungu kila mara, na wageni ninaowasimulia kisa hiki hunyamaza. Somo la bioanuwai linaloweza kumnyamazisha mtu namna hiyo sijalikuta kwenye kitabu.

Mtu mwerevu kikaoni anaweza kusema: basi mbegu zihifadhiwe kwenye benki ya mbegu, ardhi ibaki wazi. Benki hizo zipo na zinafanya kazi kubwa. Ile ya Kew iliyoko Wakehurst, iliyofunguliwa mwaka 2000, hukausha mbegu kisha huziweka kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mtama, maharage na mbuyu huvumilia hali hiyo. Mbegu za embe, kakao na fenesi hazivumilii. Ukizikausha zinakufa, na miti mingi ya misitu yenye mvua nyingi ina tabia hiyohiyo. Mti wa namna hiyo hauna benki nyingine isipokuwa ardhi yenyewe, ukiwa umesimama, ukimwagiliwa, na mtu akijua jina lake.

Sasa elimu, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndipo bustani nyingi zinaposhindwa, na ndipo umoja wenu unapoweza kusaidia zaidi ya halmashauri.

Mwaka 1999 wanasayansi wawili wa Marekani, James Wandersee na Elisabeth Schussler, waliandika kuhusu hali waliyoiita upofu wa mimea. Binadamu akitazama picha ya msitu wenye chui, humwona chui, na msitu wote unageuka pazia. Niliyaona hayo kwa macho yangu kabla sijayasoma. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikabidhiwa wanafunzi sitini kwa saa moja. Niliwazungusha bustani nzima, nikataja majina, wakaitikia kwa sauti kubwa, nikadhani nimefundisha. Mwishoni niliwagawia karatasi wachore walichokiona. Karibu wote walichora kobe wa bwawani. Mti mkubwa uliokuwa juu ya vichwa vyao walipokuwa wakimtazama kobe haukuonekana hata kwenye karatasi moja. Nilikaa na zile karatasi jioni nzima.

Mwaka uliofuata niliomba watoto kumi na watano tu, warudi mara sita, na kila mmoja nikampa mti wake. Kazi zilikuwa nyepesi: kupima mzingo wa shina kwa uzi, kuandika tarehe majani mapya yanapotoka, kusaga jani kwa vidole na kulinusa, kukaa kimya dakika tano na kuhesabu wadudu waliotua. Ziara ya nne msichana mmoja alinijia mbio, akaniambia mti wake umekosea: umechanua upande mmoja tu. Tukaenda wote kuutazama. Upande uliochanua ulikuwa unapata jua tangu asubuhi. Upande wa pili ulikuwa umezibwa na jengo jipya lililopanda ng'ambo ya uzio. Mtoto wa miaka kumi alikuwa ameusoma mji kwa kutumia mti, na hakuna aliyemwambia aangalie hivyo. Tangu siku hiyo sipimi elimu ya bustani kwa idadi ya mabasi ya shule langoni. Nauliza ni watoto wangapi walirudi.

Hili si wazo langu peke yangu. Brooklyn Botanic Garden, katika jiji la New York, ilianzisha bustani ya watoto mwaka 1914, na inaendelea hadi leo. Mtoto hupewa kipande chake cha ardhi, hupanda, hupalilia, huvuna, na mavuno huenda nayo nyumbani. Zaidi ya miaka mia moja na bado watoto wanakuja. Mimi naamini siri ni ile haki ya kuondoka na ulichokilima, kwani mtoto haendi nyumbani na kumbukumbu tu, anaenda na kitu ambacho mama yake atakishika na kuuliza kimetoka wapi.

Watu wazima nao wana darasa lao, na kwa uzoefu wangu darasa zuri kuliko yote ni rundo la mboji. Bustani ya mimea hutoa majani makavu na matawi kila siku. Zikichomwa ni moshi kwa mtaa mzima, zikitupwa ni mzigo wa dampo. Zikirundikwa vizuri ni udongo. Chukua kapu moja la mabichi, kama nyasi mbichi na maganda ya mboga, kwa makapu mawili au matatu ya makavu. Lowesha mpaka ukikamua kwa mkono utoke tone moja au mawili, basi. Kisha chomeka nondo katikati ya rundo. Siku chache baadaye mwambie mgeni aichomoe na kuishika. Ikiwa moto kiasi cha kumfanya aiachie, kazi inaendelea: ndani pamefika nyuzi 55 au 60, joto linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Ikiwa ya vuguvugu na rundo linanuka yai viza, hewa imekosekana. Ligeuzeni, ongezeni majani makavu. Nimeona watu waliokuja kwa kuburutwa na wenzao wakisimama pale na nondo mkononi, wakiuliza swali baada ya swali. Hawakuwa wamewahi kufikiri kwamba takataka ina joto lake.

Na ujuzi huo hautakiwi kubaki ndani ya uzio. New York Botanical Garden, bustani nyingine ya jiji hilohilo, ina mpango uitwao Bronx Green-Up tangu mwaka 1988. Watumishi wake hutoka kwenda mitaani kusaidia wakazi wanaolima viwanja vilivyokuwa vimetelekezwa, wakifundisha mboji, udongo na upandaji. Bustani ya kupumzikia haina wataalamu wa kutuma nje. Yenu huenda inao, na pengine hawajawahi kuombwa.

Nisiwe mtu wa kusifu tu. Bustani hizi zina madeni. Nyingi zilianzishwa kuhudumia himaya, si wakazi. Mpira uliochukuliwa Brazili kwa mbegu mwaka 1876 ulipitia Kew, mwaka uliofuata miche ikafika Singapore, na mashamba makubwa ya Asia yakazaliwa hapo. Kuna deni la pili, ambalo bado linaendelea: mimea inayotoroka. Bustani ya Amani katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ilipanda mamia ya spishi za kigeni kwa majaribio, na baadhi yake zimeingia msituni na kuenea. Mti wa Maesopsis eminii ndio unaojulikana zaidi. Kwa hiyo mkiitetea bustani yenu, tetea pia haki yenu ya kuuliza: mna mpango gani wa mimea vamizi? Miche mnayouza getini mmeipima kwanza? Bustani isiyoweza kujibu hayo haiwezi kufundisha uendelevu, hata ingekuwa na mabango mia.

Sasa uzio, maana najua ndio unaowaudhi wenzako kuliko vyote. Uzio una asili yake. Bustani ya chuo kikuu cha Padua, Italia, ilianzishwa mwaka 1545 ili wanafunzi wa udaktari wajifunze kutambua mimea ya dawa kwa macho, kwa kuwa makosa na ulaghai vilikuwa vingi katika biashara ya dawa. Mimea ikaanza kuibwa usiku, adhabu kali zisisaidie, na mwaka 1552 ukajengwa ukuta wa mviringo kuizunguka. Bustani hiyo ipo palepale hadi leo.

Ila sikiliza na kisa cha upande wa pili. Kisiwa cha Rodrigues, katika Bahari ya Hindi, kilikuwa na kichaka cha ukoo wa mbuni, yaani mti wa kahawa, kinachoitwa café marron, ambacho wataalamu walishakihesabu kuwa kimetoweka. Karibu mwaka 1980 mwalimu mmoja wa kisiwani aliwafundisha wanafunzi wake kuhusu mimea adimu ya kwao, na mwanafunzi mmoja akaleta tawi. Lilikuwa la kichaka chenyewe. Habari zikaenea, watu wakaanza kukifuata na kuvunja matawi kwa ajili ya dawa, na ikabidi kiwekewe uzio. Mwaka 1986 vipandikizi vilipelekwa Kew kwa ndege, kimoja kikashika. Kilichanua miaka na miaka bila kuzaa, mpaka mwaka 2003 mtunza bustani Carlos Magdalena alipofanikiwa kukipatia mbegu kwa kuchavusha kwa mkono, na baadaye mbegu zikarudi Rodrigues. Ndugu Katibu, uzio ulifanya kazi yake na bustani ilifanya kazi yake, lakini aliyekiona kichaka alikuwa mtoto aliyefundishwa kutazama. Bila yeye hao wengine wasingekuwa na cha kulinda.

Ndiyo maana sitakushauri mkadai uzio uondolewe wala ubaki kama ulivyo. Daini usogezwe ndani. Bustani ya mimea ya Singapore, iliyoko pale ilipo tangu mwaka 1859 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2015, hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa sita usiku, bure. Wanaokimbia asubuhi wanapita, wazee wananyoosha viungo, watoto wanakatiza kwenda shule. Kinachotozwa tiketi ni bustani ya okidi, ambayo ina lango lake ndani ya bustani kubwa. Kitu adimu kimelindwa, na mwananchi hajafungiwa nje. Na kwenye vibao, jina la Kilatini libaki, kwa kuwa ndilo linalomwezesha mtu wa nchi nyingine kujua mnazungumzia mmea upi. Lakini juu yake liwepo jina ambalo watu wa hapo hulitumia, kwa herufi kubwa kuliko la Kilatini, na sentensi moja ya kumpa mtu cha kufanya: nusa, gusa gome, hesabu petali. Nimeandika vibao virefu mimi mwenyewe zamani, na nimesimama kando nikaona watu wakivipita bila kugeuza shingo.

Kwenye kikao chenyewe, nendeni na ombi moja la kwanza kabla ya mengine yote. Ombeni orodha ya kila mmea uliomo kwenye ile robo inayotakiwa, na namba yake, herufi yake ya asili, na idadi ya mimea ya spishi hiyo iliyopo sehemu nyingine za bustani. Msiombe kwa hasira, ombeni kwa maandishi. Orodha hiyo itaonyesha ni mimea mingapi ya W iliyobaki mmojammoja. Kwa kila mmoja wa hao ulizeni ni lini vipandikizi vitachukuliwa, na bustani gani nyingine itapokea nakala. Mti mkubwa hauhamishwi kwa wiki mbili: mizizi hukatwa kwa awamu na kuachwa ichipue upya, na kwa mti uliokomaa kazi hiyo inaweza kuchukua zaidi ya mwaka mmoja. Vipandikizi vya miti mingine hukataa kabisa kutoa mizizi, na hapo jibu pekee ni kungoja uzae mbegu. Ratiba ya ujenzi italazimika kuifuata ratiba hiyo, au halmashauri iseme hadharani kwamba haitaifuata.

Inawezekana mkaambiwa orodha haipo, au ilikoma kuandikwa miaka kadhaa iliyopita. Msikate tamaa, na msiifanye hoja ya kuwaaibisha watunzaji, maana mara nyingi ni watu wachache wanaofanya kazi ya watu ishirini. Ombeni Jumamosi tatu. Njooni na watu kumi, penseli, daftari la mistari, uzi wa kupimia na simu za kupigia picha. Mmoja asome kijibati, mmoja aandike, mmoja apime shina kwenye kimo cha kifua, mmoja apige picha ya jani pande zote mbili, na mtunzaji awe nanyi kwa yale yasiyosomeka. Anzeni na miti mikubwa ya ile robo, mstari wa karibu na barabara, kwa sababu ndiyo itakayoguswa kwanza. Chukueni na watoto wenu.